Madini ya kubuni yanaonewa bure

Filamu ya Avatar ilipotoka mwaka 2009, watazamaji wengi walilicheka jina la madini yanayogombewa humo: "unobtainium", yaani kitu kisichopatikana. Ilionekana mtunzi amechoka kufikiri. Kumbe hakulitunga yeye. Wahandisi wa ndege wa Marekani walikuwa wakilitumia kwa utani tangu miaka ya 1950, kila walipohitaji malighafi yenye sifa zote wanazozitaka ila haipo, au ipo lakini haishikiki kwa bei. Jina lililochekwa kama ndoto ya watu wa sinema limetoka kazini.

Wanaoyabeza majina haya ya madini ya kubuni wana hoja yao. Ukiandika chuma, msomaji anajua ni kizito, kinashika kutu, na duka la kukinunua liko wapi. Ukiandika vibraniamu, madini ya kubuni ya hadithi za mashujaa, hajui lolote mpaka umwambie, na hapo ndipo mtunzi hupata mwanya. Katika filamu ya Black Panther ya mwaka 2018, vibraniamu inameza kishindo cha risasi, inaendesha treni, na inasaidia kumponya mtu aliyepigwa risasi mgongoni. Mtunzi akikwama, anarudi mgodini.

Sawa, ila hilo ni kosa la mtunzi. Jina limekosa nini? Watu husema kana kwamba maneno ya kila siku yalizaliwa na ukweli na haya mengine yamezaliwa na uongo. Titaniamu, madini ya kweli kabisa, ilipewa jina mwaka 1795 na mkemia Mjerumani Martin Klaproth, akiwafuata Watitani, majitu ya ngano za Wagiriki. Jina la kubuni kabisa, na la kujigamba. Miaka ya 1960, kampuni ya ndege ya Marekani, Lockheed, ikiunda ndege ya upelelezi ya SR-71, madini hayo yalikuwa haba Marekani kiasi kwamba ikabidi yanunuliwe Umoja wa Kisovieti kupitia kampuni za bandia, ili muuzaji asijue anauza mwili wa ndege itakayompeleleza yeye mwenyewe. Mtunzi wa riwaya akileta kisa hicho, mhariri angemwambia apunguze chumvi. Leo titaniamu imo kwenye fremu za miwani na kwenye vyuma anavyowekewa mtu aliyevunjika paja, na oksidi yake ndiyo inayotia weupe rangi za ukutani.

Kobalti nayo ina jina la pepo. Wachimbaji wa Kijerumani waliyeyusha mawe wakitarajia madini ya thamani, wakaambulia moshi wa sumu, wakamtupia lawama kobold, pepo mtundu wa migodini. Jina likabaki, na sasa limo ndani ya betri za simu, likichimbwa zaidi Kongo, huko Kolwezi na viunga vyake.

Hata tanzanaiti yetu ilibatizwa dukani. Jiwe liligunduliwa Mirerani mwaka 1967, na kitaalamu ni zoisaiti ya buluu. Tiffany, wauza vito wa New York, waliona jina hilo haliuziki, maana likitamkwa Kiingereza linakaribia mno neno la kujiua, basi mwaka 1968 wakaliingiza sokoni kwa jina la nchi. Nani leo analiona la kubuni?

Kwangu kipimo ni kimoja: je, kitu hicho kina kikomo? Kriptonaiti, jiwe la kubuni lililoingia katika mchezo wa redio wa Superman mwaka 1943, ilikuwa nzuri kwa sababu kazi yake ilikuwa moja tu, kumlegeza shujaa asiyelegezeka. Watunzi wa baadaye wakaleta nyekundu, ya dhahabu, ya buluu, nyeupe, kila rangi na mauzauza yake, mpaka ikahitaji maelezo marefu kuliko kisa chenyewe. Hapo wabezaji wanashinda, na jina halijabadilika hata herufi.