Mawazo Hayapungui kwa Kuambiwa

Mwaka juzi nilipimwa presha, ikasoma 150 kwa 95. Nikaandikiwa dawa, nikaambiwa nipunguze chumvi na mawazo. Chumvi rahisi, unamwambia mpishi. Mawazo unamwambia nani?

Jibu nililipata kwa mzee jirani yetu hapa Ngamiani, Tanga, ambaye kila baada ya alasiri hukaa barazani akishona kofia ya viua. Napita, "Shikamoo, babu," naye "Marahaba" bila kunyanyua macho. Siku moja akanisukumia kitambaa, sindano na uzi: "Kaa. Zungusha tundu moja tu."

Tundu moja! Kiua ni kijitundu kinachotobolewa kitambaani, kisha unakizungushia uzi mpaka ukingo ukaze. Kofia moja ina mamia yake. Ukivuta sana, kitambaa kinajikunja. Ukilegeza, tundu linapoteza umbo. Hapo ada ya mtoto na deni la duka havipati pa kuingilia, na pumzi inaanza kufuata mkono. Herbert Benson, daktari wa moyo wa Harvard, alilieleza hili tangu miaka ya 1970: ukirudiarudia neno au kitendo kimoja, na fikra ikipenya ukaiacha ipite, mapigo ya moyo na pumzi hupungua kasi. Babu hushona huku akivuta uradi. Amepata vyote viwili.

Kule Marekani, mradi wa Project Healing Waters ulianza mwaka 2005 katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed, ukiwafundisha wanajeshi waliojeruhiwa kuvua samaki na kufunga nzi bandia wa chambo kwa uzi na manyoya. Wanaume wa vita, wanafunga manyoya! Hao ndio ninaowatajia wanaonicheka kwa kushika sindano.

Dawa sikuacha, na wewe usiache. Mgongo nao hudai haki yake, basi kila baada ya muda nasimama, nanyoosha shingo.

Kosa langu lilikuwa kupokea oda kabla ya Idi. Siku tatu nikashona usiku kwa taa, nahesabu viua kama mtu anayehesabu marejesho ya mkopo, na kichwa kikaniuma vilevile kama zamani. Kofia ya watu ina tarehe. Sasa ninayo ya tatu mkononi, imebaki duara la juu, na mtu akiniuliza bei namwelekeza kwa babu.