Koni wa jiografia: hatari iko mkononi mwa mwokotaji

Kuhusu koni wa jiografia, yaani Conus geographus, konokono wa baharini mwenye sumu, husikika kauli mbili. Ya kwanza: huyu ni muuaji, ukimkuta mwambani mwondoe, na gamba lake liuze. Ya pili: asiguswe, kwa kuwa sumu yake ni hazina ya dawa.

Wa kwanza hawazushi. Konokono huyu anapatikana kuanzia Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki, na hufikia sentimita 15 hivi. Mchana hujificha mchangani au chini ya vifusi vya matumbawe. Usiku huwinda samaki. Hutanua mdomo kama wavu na kumwaga majini mchanganyiko wenye insulini. Samaki huishiwa sukari mwilini, hulegea, humezwa. Chusa lake ni jino lililogeuka sindano: lina tundu ndani na vimiba nchani, na hushikwa kwenye ncha ya mkonga huku kifuko chenye misuli kikisukuma sumu. Kila jino hutumika mara moja, na mengine yapo akiba. Vifo vya watu vilivyoandikwa duniani kutokana na jamii ya koni vinazidi 30, na vingi ni vya huyu.

Lakini tazama watu wanavyochomwa. Mwaka 1935, huko Hayman Island, Australia, kijana mmoja alimweka koni kiganjani akawa anakwangua utando wa gamba kwa kisu. Alikufa baada ya saa chache. Utafiti uliochapishwa 2014 ulionyesha kwamba konokono huyu ana sumu za aina mbili, zinazotengenezwa sehemu tofauti za mfereji mmoja: ya kuwindia na ya kujihami. Ya kujihami ndiyo iliyojaa viambato vya kupooza misuli. Basi anayemwokota ili amuue, na anayemwokota ili amuuze, wote wawili wanaichokoza sumu hiyohiyo.

Ushauri wa kumshika upande mpana wa gamba haufai hata kidogo. Mkonga hunyumbuka na kufika karibu kila upande, na chusa hupenya mfuko wa suruali na glavu nyepesi. Mwenye kuchokoa pweza atumie kijiti, si vidole, na avae viatu vya soli ngumu.

Hoja ya pesa ina uzito kwa familia inayotegemea mwamba. Ila gamba la aliyekufa hupauka na mdomo wake humeguka, kwa hiyo mnunuzi hutaka la aliye hai, yaani lile lenye chusa bado. Ndani ya hifadhi za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa 1968, kuokota ni marufuku.

Hoja ya dawa nayo imetiwa chumvi. Zikonotidi, dawa ya maumivu makali iliyoidhinishwa Marekani 2004, ilitokana na koni mwingine, Conus magus. Haileti uraibu kama mofini, ila hupitishwa kwa pampu hadi kwenye maji ya uti wa mgongo, na inaweza kuleta kizunguzungu na kuchanganyikiwa. Hutengenezwa maabara kwa kuunganisha amino asidi (vijenzi vya protini) 25 tu, bila kumgusa konokono. Tena koni wa jiografia hayumo katika orodha ya walio hatarini kutoweka. Hazina inayoweza kupotea kweli ni ya koni wa visiwa vya Cape Verde, ambao baadhi yao huishi kwenye kisiwa kimoja au ghuba moja, kila spishi na mchanganyiko wake wa sumu.

Kwa hiyo aachwe alipo, na sababu ya kwanza iwe mkono wa mwokotaji.

Aliyechomwa huenda asisikie maumivu makubwa: ni ganzi mdomoni, kuona vitu viwiliviwili, ulimi mzito. Mlaze, asitembee. Funga bendeji pana kuanzia vidoleni kupanda juu, kwa mkazo wa bendeji ya mguu ulioteguka, kisha tegemeza kiungo kwa ubao. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba. Dawa ya kuzimua sumu hii haipo; kinachoua ni kupooza kwa misuli ya pumzi. Akiacha kupumua, mpulizie mdomo kwa mdomo njia nzima hadi hospitali yenye mashine ya kupumulia. Anaweza kuwa anasikia kila neno huku hawezi kufumbua jicho, na sumu ikishapungua mwilini misuli hurudi kufanya kazi.