Nimebaki Amu, Sikufungua Hoteli

Kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, kila mtu hapa Amu, yaani Lamu, ana lake. Kuna walio misikitini usiku kucha, kuna walio kwa fundi wakigombania kanzu ambayo iliahidiwa tangu Shaabani. Mimi huwa naikimbia simu. Maana huo ndio wakati wenzangu niliosoma nao sekondari wanapozinduka. Mwaka mzima kimya, hata ukiwapa habari ya msiba wakujibu kwa kidole gumba. Siku zile zikikaribia, simu yalia: "Sheikh wangu! Umepotea sana!"

Nimepotea wapi? Mimi niko mtaani kwetu, Langoni. Nimezaliwa Langoni, nimeoa Langoni, na baraza ninayokalia saa hii ndiyo niliyokuwa nikikalia tukiwa kidato cha nne. Aliyepotea ni yule aliyepanda basi pale Mokowe, ng'ambo ya bara, na sanduku lake la bati akaenda kutafuta maisha, akayapata, akanyamaa nayo. Sasa arudi kuniuliza mimi nilikuwa wapi.

Na salamu hiyo haijapata kuja peke yake, nyuma yake kuna chumba. Wa Nairobi ataka nyumba Shela, ielekee bahari, iwe na dari la kulalia nje, mpishi awepo, na bei iwe "ya kisisi". Mwenye nyumba yuko Ulaya, hata jina langu halijui, hiyo bei ya kisisi nimwambie vipi? Wa Mombasa ataka boti ikamchukue Mokowe, yake peke yake, kwa kuwa mkewe hapendi kubanana. Wa Doha ndiye mwenye makuu zaidi. Yeye hushuka na ndege Manda, hapo ng'ambo tu, mji watazamana nao, na maboti yamepangana gatini yakingoja abiria. Lakini sharti nivuke nikampokee mwenyewe, la sivyo ataandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba Amu siku hizi hakuna tena utu.

Bado halwa. Wasiokuja huagiza. "Nitilie kilo mbili tu, ile ya Amu hasa, na achari ya maembe kidogo, umpe mtu wa basi." Mimi ndiye wa kwenda kupanga foleni, mimi ndiye wa kufunga pakiti isivuje samli, mimi ndiye wa kumbembeleza mtu wa basi. Pesa? "Nitakurushia jioni." Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mtu aweza kutuma pesa akiwa amelala chali kitandani. Zamani ukimdai mtu alikuwa na udhuru, hana wa kumpa bahasha. Leo udhuru umekwisha na pesa bado haziji. Jioni ya wenzangu hao haina magharibi.

Kisha kuna vita vya mwezi. Siku ya 29 sisi huku twapanda madarini kuutafuta kwa macho, na tusipouona twangoja Kadhi Mkuu atangaze. Wa Doha hangoji mtu. Kwao ukishatangazwa, saa ile ile kundini ni "Idi Mubarak", na kesho yake asubuhi yaingia picha ya sinia, mbuzi mzima amelala juu ya wali na zabibu zimemzunguka. Mimi nimefunga. Nimefunga, na kila nikifungua simu nakutana na yule mbuzi! Wa Mombasa aandika kwamba mwezi ni mmoja dunia nzima. Mwingine amjibu, mbona jua nalo ni moja na magharibi yetu si moja? Hapo ndipo wanapochipuka maulamaa ambao darasani, dini walikuwa wakinakili kwangu. Huamuliwa na mwenzetu wa Mpeketoni, Mkristo wa watu, ambaye huandika: "Jamani, mimi nawatakia nyote, wa leo na wa kesho." Huyo pilau hula siku zote mbili.

Picha zenyewe za salamu ni balaa jingine. Waridi linalomeremeta, taa inayoning'inia, buli linalomwaga chai isiyokwisha. Hakuna anayeandika lake, wote wasukumiana walizosukumiwa, na hawasomi chini pameandikwa nini. Idi iliyopita nilitakiwa heri, mimi na familia yangu, na duka la vipuri vya magari. Naishi mji ambao usafiri wake ni punda na mashua! Mfungo Sita wa Maulidi ukifika, zarudi zile zile kwa rangi ya kijani. Disemba, wa Mpeketoni hulipwa wema wake kwa miti ya Krismasi, mpaka simu yangu yasema nafasi imejaa, nifute kitu. Hufuta picha za harusi yangu, maana za kundi nikizifuta watu watajua sijazitazama.

Idi hiyo iliyopita walikuja wengi, tukachanga tule pamoja. Mweka hazina wetu husoma majina ya wasiolipa kila asubuhi kama redio inavyosoma matangazo ya vifo. Lakini zilizolipwa zimekwenda wapi, hapo mtandao humkatikia. Tukala biriani, tukanywa kahawa tungu, zikaanza hadithi za bweni. Ile ya mikate iliyoibwa jikoni naijua vizuri, nilikuwapo, ilikuwa mikate miwili na mmoja umeota ukungu. Mwaka hadi mwaka yazaana. Sasa ni kreti zima, kuna mlinzi na mbwa, na wa Doha ndiye aliyeruka ukuta. Shule yetu haikuwa na ukuta, ilikuwa na ua wa michongoma.

Ni mmoja tu asiyenisumbua. Yeye ana mulika mwizi, simu ya vitufe isiyo na WhatsApp, hayumo kundini, akinitaka hupita barazani. Ana punda wanne, hubeba mawe na mchanga wa ujenzi, na siku za sikukuu huwavisha shanga akaingia nao uwanja wa Mkunguni, mbele ya ngome. Darasani ndiye aliyekuwa wa kwanza kwa hesabu.

Jioni ile watoto wa wa Doha wakataka kupanda punda mpaka Shela. Tukamkuta mwenye punda pale pale, wakakumbatiana, wakaitana majina ya utani, machozi yakawatoka. Kisha wa Doha akauliza bei. Akatajiwa. Ni bei wanayotajiwa wazungu Disemba.

"Bwana we! Mimi si mgeni hapa, mimi nawe tumesoma darasa moja!"

Mwenzetu alikuwa akikaza kamba ya shogi, tandiko la punda, wala hakuinua uso.

"Tumesoma mimi nawe. Punda hakusoma."

Wa Doha akatoa noti. Mweka hazina wetu, ambaye mimi sijapata kuona risiti yake maisha yangu, akajipenyeza mbele akauliza kama kuna risiti.