Dinari ya Kilwa: ya aliyeiokota, ya mkusanyaji au ya taifa?

Huku Lindi na Mtwara habari za mali ya Mjerumani haziishi. Leo utasikia watu wamechimba chini ya mbuyu, kesho kwamba kuna tajiri anatafuta rupia na ana mamilioni mkononi. Wengi huambulia hela za shaba, ambazo ziligongwa kwa wingi na bei yake ni ndogo. Lakini dhahabu ya Mjerumani ilikuwepo kweli. Mwaka 1916, vita ikiwa imemfungia njia ya bahari, karakana ya reli ya Tabora iligonga sarafu za dhahabu za rupia 15, zaidi kidogo ya 16,000, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Ina tembo aliyeinua mkonga, na nyuma yake milima. Mwaka uliofuata jeshi la Mjerumani lilipigana Mahiwa, hapa Lindi, kisha likavuka Ruvuma. Wakusanyaji wa sarafu wa Ulaya na Marekani huigombea rupia hiyo ya dhahabu mnadani kwa bei inayozidi sana thamani ya dhahabu iliyomo.

Sarafu inayonipa wasiwasi zaidi ni ya zamani kuliko hiyo. Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, aliyeitwa Abul-Mawahib kwa ukarimu wake, ndiye aliyempokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, enzi ambazo dhahabu ya Sofala, kwenye pwani ya Msumbiji ya leo, ilipitia mikononi mwa Kilwa. Sarafu za Kilwa tunazozijua ni za shaba: ndogo, upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande mbili zikisomwa pamoja zinatoa kina kama beti. Za dhahabu, yaani dinari, zilizowahi kuelezwa na wataalamu, mwaka 1991, ni tatu tu, zote za al-Hasan. Sasa tuseme mvuvi wa Kilwa Kisiwani ameokota ya nne. Afanye nini?

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 haina kigugumizi: kitu kilichotengenezwa nchini kabla ya 1863 kinalindwa, hakichimbwi bila kibali wala hakitolewi nchini bila leseni. Msingi wake naukubali. Sarafu moja ya shaba ya sultani huyuhuyu ilipatikana kwenye magofu ya Great Zimbabwe, na kwa kuwa ilijulikana imetoka wapi, imekuwa ushahidi wa biashara ya pwani na bara. Ingekuwa imenunuliwa kwa dalali, ingebaki kipande cha shaba chenye jina. Mnada hupandisha bei ya sarafu huku ukifuta habari zake, maana anayeuza kimagendo hawezi kusema aliichimba wapi.

Hata hivyo siwezi kuwaita wakusanyaji wezi. Elimu kubwa ya sarafu imejengwa na watu walionunua kwa fedha zao, wakapima, wakapiga picha, wakaandika. Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tano za Kilwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo. Alizihifadhi miaka mingi, na alikuwa ametia alama ya X kwenye ramani pale alipoziona. Hakuwa mtaalamu, ila alama ile ndiyo iliyozipa sarafu hizo uzito wake.

Kwa mvuvi wetu kuna jambo la tumbo pia. Dalali anakuja na noti mkononi. Ofisi inakuja na karatasi, na pengine maswali ya polisi. Ukimwambia mtu mwenye ada za shule za kulipa kwamba akabidhi dhahabu kwa uzalendo peke yake, atakusikiliza kwa heshima, kisha usiku ataiuza. Hapo ndipo ninapoona tumekosea hesabu. Uingereza, kwa sheria yake ya 1996, makumbusho ikitaka hazina iliyookotwa, aliyeiokota na mwenye ardhi hulipwa thamani ya soko. Tuchukue hilo.

Najua pingamizi lake: malipo yatawapa watu majembe, na magofu ya Kilwa, ambayo yalitolewa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2014 tu, yatageuzwa mashimo. Hofu hiyo ni ya haki. Kwa hiyo malipo yawe kwa aliyeokota bila kuchimba, nje ya eneo la hifadhi, na akaonyesha mahali penyewe. Aliyepiga jembe kwenye magofu asipate hata senti. Mashimo yataonekana, na wenyeji wanaolinda magofu wanawajua wachimbaji kuliko ofisi yoyote.

Rupia ya Tabora haiingii moja kwa moja kwenye ulinzi wa sheria ile ya 1964, kwa kuwa ni ya 1916. Mwenye nayo, aliyoirithi kwa babu yake, asikubali kuuza kwa bei ya dhahabu ya kuyeyusha: uzito wake ni gramu saba na kidogo, na robo yake si dhahabu, kwa hiyo kwenye mizani ya sonara itaonekana ya bei ndogo. Aipige picha pande zote mbili, asiisugue, na atafute bei za minada kabla hajamwonyesha dalali.