Wanga wa muhogo na mfuko wa dagaa
Habari yenu kuhusu watafiti wanaotengeneza vifungashio vya chakula kwa wanga imenigusa, kwa kuwa nauza dagaa hapa Kigoma, lakini imepita juu juu katika jambo lililo gumu kuliko yote, yaani unyevu. Utando wa wanga mtupu hunyonya maji ukalainika, na ukikauka huvunjika, ndiyo maana huchanganywa na gliserini ili unyumbuke. Msaada wa chembe za nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, uko hapo: punje za wanga huloweshwa katika asidi inayomeng'enya sehemu zake laini na kubakiza fuwele ndogo mno, nazo zikitawanywa vizuri ndani ya utando, mvuke hulazimika kuzunguka njia ndefu kabla ya kupenya.

Kwetu hilo si jambo dogo. Masika moja nilifungua mfuko wa dagaa waliokaushwa vizuri juani, nikakuta ukungu wa kijani umewashika vichwani, na wote wakatupwa. Katazo la mifuko ya plastiki la Juni 1, 2019 halikugusa plastiki ya kufungashia vyakula vilivyosindikwa, kwa hiyo bado tunaitegemea.

Ningependa watafiti waupime utando huo kwa dagaa wenye mafuta na chumvi, tena wakati wa mvua, na watueleze kama chembe hizo huhamia kwenye chakula. Wanga nao, ikiwezekana, utokane na maganda ya muhogo, kwa sababu muhogo wenyewe ndio ugali wetu.