Mshale Umepitiliza

Laptopu iligoma kuwaka, na tasnifu yangu ya hisabati inasubiriwa Jumatatu. Nikachomoa flashi, mguu kwa mguu hadi stesheneri moja hapa Tabora, jirani na stesheni ya reli. Kijana wa pale mchangamfu, ila kibodi yake haina E. Akiitaka, anaisaka kwenye maandishi mengine, anainakili, anaibandika.

Kilichobaki ni mchoro mmoja tu: sifuri, mshale, A, mshale, B, mshale, C, mshale, sifuri. Shida, mshale wa B kwenda C ulikuwa mfupi kuliko jina lililokaa juu yake. Jina limemlalia B huku, limemlalia C kule.

"Hapo kwenye nafasi ya safu andika 5em," nikamwambia; em ni kipimo cha wachapaji, sawa na ukubwa wa herufi. "Safu zikiachana, mishale itarefuka yenyewe."

Adhana ya Ijumaa ikalia, nikaondoka.

Huku nyuma E ikamchosha. Akaamua em ni cm iliyokosewa, akaweka 5cm. Sasa piga hesabu. Kwa herufi za pointi 12, em moja ni kama milimita 4, kwa hiyo nilitaka sentimita 2 hivi. Yeye kaweka 5, mara nafasi nne, 20, na herufi zenyewe bado. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21, pambizo la kushoto limeshakula mbili na nusu. Mshale ukatoka C, ukaenda zake.

Narudi, namkuta mzee mmoja mstaafu wa reli benchini, miwani puani, kaishika kazi yangu.

"Mwanangu, reli ya wapi hii? Ya Kigoma ilifika ziwani tangu 1914. Yenu imeishia porini?"

"Mzee, pale mwisho palikuwa na sifuri. Ndiyo inayosema B inaifikia C yote, haibakizi kitu. Bila hiyo, uthibitisho wangu haupo."

Akanitazama kwa huruma. "Kwa hiyo mtu mzima na elimu yako unalilia sifuri?"

"Ticha, usijali," kijana akadakia, "nimeshaweka sawa." Akapindua karatasi. Nyuma kabisa, kwa kalamu ya bluu, kachora kipande cha mshale na sifuri nene kama chapati. Nakala zote.

"Si umepitiliza? Nikaufuata."

Nikiwa bado nimeduwaa, akavuta kikokotoo.

"Ila hizo nimezihesabu pande mbili."