Marufuku ya Pombe Nyumbani na Mtoto Aliye Chuoni

Mzazi wa Kenya anayempeleka mtoto chuo kikuu hawezi kuitegemea sheria imsaidie kumzuia kunywa, kwa kuwa Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inamruhusu kununua pombe akishatimiza miaka 18. Sera ya kitaifa ya mwaka 2025 ilipendekeza umri huo upandishwe hadi miaka 21, lakini pendekezo si sheria. Lililobaki ni neno la mzazi mwenyewe.

Wanaoshikilia kwamba neno hilo liwe katazo tupu wana hoja nzito. Kwa familia nyingi za Waislamu, Waadventista na waliookoka, pombe ni jambo la imani, na mzazi hana mamlaka ya kuipunguzia makali. Sayansi nayo iko upande wao: mnamo Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Hata wazo la kumwonjesha kijana nyumbani ili ajifunze kiasi halina nguvu, kwani utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2018, baada ya kuwafuatilia vijana kwa miaka sita, haukuona kwamba kupewa pombe na wazazi kuliwakinga; waliopewa walielekea zaidi kunywa kupita kiasi.

Hata hivyo, udhaifu wa katazo tupu hujitokeza usiku wa manane, mwenzake kijana huyo wa chumba anapozimia kwa ulevi. Kijana aliyeambiwa kwamba akionja tu asirudi nyumbani hatampigia mzazi simu. Atammwagia mwenzake maji au kumnywesha kahawa, kisha atamwacha alale, ilhali hakuna kati ya hayo kinachoharakisha ini kuondoa pombe, na matapishi yanaweza kumziba pumzi. Alipaswa kuambiwa mapema kwamba mtu huyo hulazwa kwa ubavu, haachwi peke yake, na hupelekwa hospitali. Alipaswa pia kujua kuhusu methanoli, kemikali yenye sumu inayoweza kuwamo katika pombe haramu, ambayo humvutia mwanafunzi kwa bei yake: kuona ukungu saa kadhaa baada ya kunywa ni dharura, wala si uchovu wa kuamkia ulevi. Huko Kirinyaga, Februari 2024, pombe ya namna hiyo iliua watu zaidi ya kumi.

Wapo wanaohofia kwamba kufundisha haya ni kuruhusu. Siafikiani nao. Mzazi anaweza kusema, “Katika nyumba hii hatunywi, na msimamo huo haubadiliki, lakini wewe au mwenzako akikwama, nipigie saa yoyote, nami usiku huo sitakugombeza.” Maswali yatasubiri hadi kijana awe salama. Maneno hayo wanastahili kuyasikia watoto wa kiume pia, ambao wengi wao huachwa bila neno lolote huku dada zao wakionywa kuhusu mimba. Baba na mama wakubaliane kabla ya kuyatamka, kwa sababu mmoja akisema “nipigie” na mwingine akisema “usirudi”, mtoto ataamini lile la ukali.